Kumuaga Eliasi Semngindo, Mzee wa Siku ya Fito

Jumanne tarehe 31 Desemba 1957, Bwana Eliasi Semngindo, msimamizi wa majosho ya Handeni na Korogwe, atakabidhi funguo za stoo ya dawa na kustaafu, akiwa ameitumikia idara yetu ya mifugo kwa miaka ishirini na minane na miezi mitatu. Siku hiyo faili lake litafungwa kwa kamba na kupelekwa Tanga. Atakayelifungua huko baadaye atamjua Eliasi kwa yaliyoandikwa humo tu. Mwandishi wa maneno haya ni Simeo, karani wa ofisi ya Korogwe, na amelitunza faili hilo tangu mwaka 1934. Lina kurasa sitini na mbili, nyingi zikiwa za sifa. Ukurasa wa kumi na nne una sentensi moja ya aibu: kwamba Eliasi alivunja ufito wa kupimia josho, akaficha. Sentensi hiyo tusipoizungumza sasa itasafiri pamoja na faili, na haitakuwapo nafasi nyingine.

Eliasi alianza kazi tarehe 1 Oktoba 1929 kama mchota maji. Kwa miaka miwili alibeba maji kwa debe kutoka kisimani hadi joshoni, na mpaka leo bega lake la kulia liko chini kidogo kuliko la kushoto. Mwaka 1931 alipewa josho la Kwemkole, kwenye mbuga kavu za Handeni, alitunze mwenyewe.

Wakati ule wafugaji wengi waliliona josho kuwa kichekesho. Ng'ombe anaogopa shimo, na wewe unataka aruke ndani, aogelee katika maji yenye sumu, kisha useme umemsaidia. Eliasi hakubishana nao. Alipita boma hata boma akiuliza ni ndama wangapi wamekufa kwa ndigana, homa iletwayo na kupe, mwaka ule, na mwaka uliofuata akapita tena na swali lile lile. Kwa kuwa karatasi zilikuwa zikimpotea, alihesabu kwa punje za mahindi, ndama mmoja punje moja, mfuko wa kushoto walio hai na wa kulia waliokufa. Mkewe, Mama Justa, anasema siku moja aliloweka suruali ya kazi akaisahau, na aliporudi mfuko wa kushoto ulikuwa umeota. Baada ya miaka mitatu hesabu zenyewe zilimaliza maneno, na ng'ombe wakaanza kuletwa.

Alijifunza pia Kimaa, lugha ya wafugaji hao, akakisema kwa lafudhi ya Kizigua isiyofichika. Wanawake wa boma la Mzee Koisaba, mfugaji aliyekuwa jirani wa josho, walikuwa wakitua vibuyu vyao chini wapate kucheka vizuri. Eliasi alicheka nao na kuendelea kukosea.

Kwa wasiofanya kazi hii, inafaa tueleze ufito. Josho ni shimo refu lililosakafiwa kwa saruji. Maji yake hupungua kwa jua na kwa ng'ombe wanaotoka wameloa. Kwa hiyo kila siku ya kuogesha, mtunza josho husimamisha ufito wenye alama mpaka uguse sakafu, husoma maji yamefika alama ya ngapi, kisha hupima dawa kulingana na maji hayo. Dawa ya zamani ilikuwa sumu kali. Ikipungua, kupe hawafi. Ikizidi, wanakufa ng'ombe. Na kila aliyewahi kusimama joshoni anaijua dhambi yetu sote: fahali akigoma mlangoni na ufito uko mkononi, hachomwi kwa kitu kingine.

Ndivyo ilivyokuwa mwezi wa Julai mwaka 1938. Fahali mkubwa wa Koisaba aligoma, Eliasi akamchoma ubavuni, fahali akageuka, na ufito ukakatika shubiri moja upande wa chini. Alifanya ambalo wengi wetu tungelifanya. Alilainisha ncha kwa kisu akaendelea kuutumia, akijiwekea moyoni kwamba kila anapopima ataondoa shubiri moja. Kwa wiki nane aliikumbuka shubiri ile. Jumanne tarehe 13 Septemba maboma manne yalifika kwa pamoja, vumbi jingi, watu wanagombea nafasi, na Eliasi akasoma alama kama ilivyo. Ufito ukamwambia maji ni mengi kuliko yalivyokuwa, naye akatia dawa ya maji mengi.

Ng'ombe wa Koisaba ndio waliotangulia kuingia. Nalotuesha, mke wa Koisaba, ndiye aliyeona ndama wakitokwa na mate na kuyumba pale walipokuwa wakijikausha, akakimbia mpaka mlangoni na kuyazuia makundi mengine kwa mikono yake. Kufikia alasiri ya siku ya pili ng'ombe arobaini na watatu walikuwa wamekufa. Boma lile lilibaki na mbuzi, punda wawili na yule fahali, ambaye siku hiyo pia alikuwa amegoma.

Ofisi yetu siku zile ilikuwa na njia moja tu ya kumtendea aliyekosea. Alikuwa akiachishwa kazi, na jina lake likisomwa katika kila josho, kutoka Magoma mpaka mwisho wa Handeni, ili wengine wapate funzo. Nao walipata funzo kweli, ila lilikuwa la kufunga mdomo. Mwandishi wa maneno haya aliyapiga taipu majina hayo kwa miaka minne, na hakuwahi kupokea barua hata moja ya mtunza josho anayesema ameharibu. Wakati huo alidhani ni kwa sababu hawaharibu.

Eliasi hakungoja jina lake lisomwe. Alikwenda Mnyuzi akachukua kipande cha kazi katika shamba moja la mkonge, akalala kwenye laini, nyumba za manamba, kati ya watu waliotoka mbali na wasiomjua. Mama Justa alibaki Handeni na watoto wawili, akichota maji saa ambazo wenzake hawapo kisimani.

Sasa wafugaji wale wana desturi yao. Mtu akifilisika mifugo, kwa ugonjwa au kwa ukame, haachwi. Kila boma la jirani humletea mtamba mmoja, ng'ombe jike asiyezaa bado, na mitamba hiyo haiitwi deni wala sadaka. Ni ujirani tu. Ndani ya mwezi Koisaba alikuwa amepata mitamba kumi na mmoja. Wazee walipokutana kuona kama kuna jirani aliyesahauliwa, Koisaba aliuliza kama Eliasi ni jirani au si jirani. Wakamjibu kwamba huyo ndiye aliyewaua ng'ombe. Koisaba akasema hilo analijua, na si hilo aliloliuliza.

Alikwenda kwa Mama Justa kuuliza mume yuko wapi, kisha yeye na Nalotuesha wakatembea siku tatu mpaka Mnyuzi. Walimkuta Eliasi mwisho wa mstari wa mkonge, kisu mkononi, mikono imejaa makovu ya miiba. Eliasi mwenyewe amesimulia mara nyingi kwamba alisahau shikamoo, akaendelea kukata mkonge. Koisaba hakuingoja. Kwa Kiswahili chake kifupi alisema:

"Ng'ombe arobaini na tatu wamekufa, na mtu anayejua kwa nini ni wewe peke yako. Ukibaki hapa kukata mkonge, joshoni atakuja mwingine asiyejua. Mimi sina ng'ombe wengine wa kumfundishia."

Eliasi alimweleza kwamba hana cha kulipa. Nalotuesha ndiye aliyejibu, kwamba hawakutembea siku tatu kudai malipo. Majirani wote wameleta mtamba, umebaki wake. Eliasi alikuwa na mtamba mmoja tu duniani, aliopewa na shemeji yake. Alimrudishia nyapara kisu, akafuatana nao.

Ofisini kwetu mambo hayakuwa mepesi. Bwana Mkubwa wa wakati ule, mkuu wa ofisi, alisema aliyeachishwa ameachishwa. Koisaba akamwambia kwa adabu kwamba basi josho ni lake, aogeshe anachotaka, lakini ng'ombe wa maboma yale manne hawataingia mpaka asimame mtu anayejua. Josho likakaa tupu wiki tano. Ndigana ikaanza kurudi. Mwezi wa Novemba Eliasi akarudishwa kazini kwa onyo, na onyo hilo ndilo ukurasa wa kumi na nne. Bwana Mkubwa alilisema, karani akaliandika.

Siku josho lilipofunguliwa tena, Eliasi alipima mara tatu kwa ufito mpya. Mtamba aliomletea Koisaba ndio ulioingia wa kwanza, kwa ombi lake mwenyewe Eliasi, na ile kumi na mmoja ikafuata. Nalotuesha alisimama upande wa kutokea bila kuketi, mpaka wa mwisho alipokauka na kuanza kula majani. Ndipo akamletea Eliasi maziwa katika kibuyu, naye akanywa mbele ya watu wote.

Kutokana na safari ile ya Mnyuzi tukapata Siku ya Fito. Eliasi aliomba kwamba kila Jumatatu ya kwanza ya Juni, kiangazi kinapoanza, watunza josho wote waje Korogwe na fito zao. Kwanza kila ufito unalazwa kando ya nondo moja ya chuma, uonekane kama umepungua. Kisha kila mtu anasimama na kusema alichoharibu mwaka huo. Hakuna anayeachishwa kazi kwa alichokisema pale, na aliyeharibu vibaya harudi joshoni peke yake. Mwenzake mmoja huandamana naye siku tatu za kwanza za kuogesha, apime naye, ale naye, wala asimhubirie. Bwana Mkubwa alikubali kwa majaribio ya mwaka mmoja. Majaribio hayo yana miaka kumi na tisa sasa, na mabwana wakubwa wanne wamepita.

Karani wenu hakuipenda Siku ya Fito. Aliona ni kuwakusanya watu wazima katika banda la magunia nyuma ya ofisi waje kuungama kama watoto wa kipaimara. Mwaka wa kwanza walisimama watu kumi na wawili, na kumi na mmoja kati yao wakasema hawakuharibu kitu. Lakini Eliasi alikuwa ametangulia kusimama, akasimulia ng'ombe arobaini na watatu mmoja mmoja, kwa rangi zao, jinsi Koisaba alivyokuwa akiwaita. Mwaka wa pili wakasema watu wanne. Kufikia mwaka wa tano ilibidi tuagize chakula, maana mkutano ulikuwa haumaliziki kabla ya saa tisa.

Kama kuna anayeuliza faida yake, amuulize Bwana Bernardo wa josho la Makuyuni. Mwezi wa Agosti 1952 alitia dawa alfajiri, akaitwa nyumbani kwa mtoto mgonjwa, akarudi na kichwa kimejaa, akatia dawa mara ya pili. Aligundua wakati ng'ombe mia tatu wako mlangoni. Zamani mtu angalisali na kuwaacha waingie. Bernardo alifunga mlango, akawaambia wenye ng'ombe ukweli, wakamtukana kwa lugha tatu, naye akatuma mtu kwa baiskeli kumwita Eliasi. Hakufa ng'ombe hata mmoja. Eliasi alikaa naye Makuyuni siku tatu za kuogesha kama ilivyo kawaida, na siku ya tatu, Bernardo anasema, walikuwa wakizungumza habari za mihogo tu. Tarehe 1 Januari ni Bernardo atakayepokea funguo za stoo.

Hayo ndiyo ya kazi. Sasa ukurasa wa kumi na nne.

Katika miaka kumi na tisa mwandishi wa maneno haya ameandika kumbukumbu za kila Siku ya Fito, na kila mara amemsikia Eliasi akisema, "Ufito ulikatika mkononi mwangu nikaendelea kuutumia." Hajawahi kusema kwamba aliuficha. Neno hilo liko kwenye faili, halikutoka kinywani mwake kamwe. Kila Eliasi alipolikaribia, mwandishi aliinamisha kichwa kwenye daftari na kalamu ikawa nzito. Na kwa kuwa karani hana ufito, hakuna aliyewahi kumtaka asimame.

Itanibidi niache kujiita mwandishi wa maneno haya. Ni mimi, Simeo.

Tarehe 19 Julai 1938 tarishi wetu, Abdi, aliniletea barua kutoka Kwemkole. Ilikuwa ya Eliasi, mistari mitano kwa penseli. Alisema ufito wa josho umekatika shubiri moja upande wa chini, kwamba ni yeye aliyeukata kwa kumchoma fahali, na anaomba mwingine upesi. Stoo ilikuwa na fito sita. Bwana Mkubwa alikuwa na hasira wiki ile kwa ajili ya vifaa vilivyovunjika, nami sikutaka kuwa mtu wa kumpelekea habari nyingine. Niliiweka barua chini ya nyingine, nikasema nitaipeleka mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi ukapita. Tarehe 14 Septemba habari za ng'ombe zilipofika, niliichukua barua nikaitia mfukoni. Novemba Bwana Mkubwa aliposema, "Andika kwamba alificha," barua ilikuwa nyumbani kwangu ndani ya Biblia, nami nikaandika. Mwandiko wa sentensi ile ni wangu.

Nimeishi na jambo hili miaka kumi na tisa, na ninaona haya kuliko ninavyoweza kuandika. Nimekaa katika banda lile nikisikiliza watu wasiojua kusoma wakisimama kusema ukweli, mimi niliyesoma nikiyaandika makosa yao kwa mwandiko mzuri.

Mwezi uliopita nilikwenda Handeni kwa Eliasi. Mama Justa alinikaribisha, akanipa kiti na uji, na nilipomaliza kuyasema niliyokuja kusema uji ulikuwa umepoa. Eliasi hakushtuka. Alikuwa anajua. Abdi alimwambia mwaka ule ule kwamba barua aliitia mkononi mwangu. Nikamuuliza kwa nini hakusema, siku Bwana Mkubwa alipomwita mwongo mbele yangu, wala mara moja katika miaka yote hii. Alinijibu polepole, kama anavyoongea na ng'ombe anayeogopa:

"Barua niliituma, lakini ufito niliendelea kuutumia. Hilo ni langu. Na Siku ya Fito mtu husema lake, bwana Simeo. La mwenzake humwachia mwenyewe."

Kisha akaniuliza kama nataka uji mwingine.

Nilirudi Korogwe nikafanya kazi ya karani. Barua ya tarehe 19 Julai 1938 sasa imo ndani ya faili, mahali pake, kabla ya ukurasa wa kumi na nne. Chini ya ile sentensi nimeandika kwamba si kweli, kwamba mtumishi alitoa taarifa kwa maandishi siku zile zile, na kwamba aliyeficha ni karani wa ofisi. Nimetia saini na tarehe. Bwana Mkubwa wa sasa amesoma. Hajaniambia atafanya nini, na kwa kuwa leo si Siku ya Fito, sina haki ya kuomba nisiachishwe kazi. Kamba ya faili nitaifunga mwenyewe, kama bado nitakuwa kwenye kiti hiki.

Mzee Eliasi, watumishi wote wa majosho wanakushukuru, na wafugaji wa maboma manne wametuma salamu kwamba mtamba wako wa mwaka 1938 umezaa ukoo mzima, na ndama mmoja wa ukoo huo anakungoja kwa Koisaba. Tunakuombea wewe na Mama Justa afya, mvua za wakati wake, na mifuko ya suruali isiyoota mahindi. Kapumzike, umeifanya kazi.

Ninaomba jambo moja. Jumatatu tarehe 2 Juni njoo Korogwe, ingawa hutakuwa na ufito wa kupima. Uketi mbele, pale ninapoketi mimi na daftari. Daftari nitampa Bernardo. Nitasimama wa kwanza, niseme langu.